Ng'ombe Nilimwacha na Jina Lake

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimepasuliwa tena. Ndivyo tunavyoita kwenye kikundi chetu cha waandishi, pale ukumbi wa parokia. Ukishasoma kazi yako unaweka karatasi chini, unafunga mdomo, wenzako wanaanza kuipasua. Mwandishi haruhusiwi kujibu hata neno moja. Sheria ya Mwalimu Magesa. Anasemaga kitabu kikishatoka hutakuwepo kando ya msomaji kujitetea, kwa hiyo tuzoee mapema.

Nilisoma ile ya mjane aliyemsamehe jirani yake. Nimeiandika wiki nzima, daftari juu ya meza ya cherehani, kati ya sare moja ya shule na nyingine. Nilipomaliza, Masatu, yule mstaafu wa ofisi ya ardhi, akauliza, "Mama Deo, hapa mwisho tuseme Amina au tutoe sadaka?" Ukumbi mzima kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Akasema, "Mama, haya ni mahubiri. Watu wako hawana dhambi. Lete kitu kinachokuuma wewe mwenyewe."

Mimi ni darasa la saba. Wao wengi ni fomu foo na kuendelea. Nilinyamaza kama sheria inavyotaka. Nimefika nyumbani Nyakato nimelia kidogo, nimesali fungu moja la rosari, nimebadilisha zipu mbili za wateja. Namchukia Masatu. Mungu anisamehe, lakini namchukia.

Jumanne, 4 Juni

Sabina kapiga simu asubuhi kutoka Mugeta. Mdogo wangu. Tumebaki sisi wawili tu tumbo lile. Furaha tupu. Yohana, mtoto wake wa kwanza, amepata mchumba, na baba yake Makuru amekubali kumtolea ng'ombe za mahari kutoka zizini kwake. Mwezi wa saba mwishoni, pamba ikishauzwa. Makuru ni mtu wa maneno machache. Akisema ndiyo ni ndiyo.

"Dada, naenda kuwa mama mkwe! Unishonee gauni, ila usinishonee yale yenu ya kwaya." Tumecheka mpaka salio limekata.

Akapiga tena. Sauti chini. "Bado naogopaga, dada." Nikamwambia miaka ishirini na saba imepita, unaogopa nini sasa. Jambo lile tunalijua wawili tangu mama afe. Wa tatu ni Mungu, na Mungu hapeleki maneno kwa watu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeandika. Sikukaa nikapanga. Nilikuwa napinda upindo, nikaacha, nikashika kalamu, sikusimama mpaka adhuhuri.

Nimeandika siku ng'ombe za mahari ya Sabina zilipoletwa kwa baba. Mmoja aligoma kuingia zizini. Mwekundu, doa jeupe jichoni. Aligeuka akaanza kurudi kwa kina Makuru. Wakamswaga akarudi, akageuka tena. Wazee wakasema huyu ng'ombe anaona kitu. Akaitwa Sitaki siku ileile, na jina likabaki. Mugeta nzima walikuwa wanacheka pale mbele. Sabina alikuwa nyuma ya nyumba anatapika, mimi nimemshika kichwa. Mimba ya miezi miwili. Mwanaume alikuwa mpimaji wa pamba pale ghalani, msimu uliisha akaondoka, hakuacha hata jina la kwao. Siku ya harusi mimi ndiye nilimfunga tumbo kwa khanga ndani ya gauni. Mama alishika taa akaangalia ukutani.

Majina nimebadilisha yote. Sabina ni Rehema. Makuru ni Petro. Mugeta nimeifanya kijiji cha ng'ambo ya ziwa. Kabila sijataja. Nimekuwa mwangalifu. Sitaki tu ndiye nimemwacha Sitaki, maana hadithi yote imesimama juu yake.

Mahubiri hayamo hata mstari mmoja.

Jumamosi, 8 Juni

Nimesoma. Nikaweka karatasi chini, nikafunga mdomo, nikasubiri kisu.

Hakuna aliyepasua. Masatu akavua miwani akaifuta. Mwishowe akasema, "Kumbe mama ulikuwa unatuficha. Panga umeliweka chini ya rosari." Mwalimu Magesa alisimama. Sijawahi kumwona anasimama kwa kazi ya mtu. Akasema hii ndiyo itasomwa Butiama tarehe 29, siku vikundi vyetu vitatu, cha Musoma, cha Bunda na cha Butiama kwenyewe, vitakapokutana. Na itakuwa ya kwanza kwenye kijitabu cha hadithi tunachochapisha.

Nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi kuliko siku Deo wangu alipopata kipaimara. Nimetembea kutoka ukumbini mpaka nyumbani sijisikii miguu.

Jumatano, 12 Juni

Nimempigia Sabina nimwombe ruhusa. Kabla sijasema akaanza habari za gauni. Kiuno kimeongezeka. Anataka mikono mirefu. Rangi ya zambarau, kama inapatikana. Nikaandika vipimo. Nikasema sawa, mama mkwe. Nikakata simu.

Sikumwambia. Nilisema moyoni: kusoma kwenyewe ni kwa shida, Butiama haji, atajulia wapi. Nimeiandika sentensi hiyo hapa niione. Ni mbaya. Lakini sikupiga tena.

Jumamosi, 22 Juni

Leo zamu ya Tabitha. Mama mpole, anauza dagaa wa Mugango pale sokoni. Kaandika juu ya kifo cha mama yake. Mwishoni malaika wanakuja kumchukua.

Walinitazama mimi kwanza. Siku hizi wananitazama. Nikasema, "Mama Tabitha, haya ni mahubiri. Malaika wamekuja na usafiri gani?" Wakacheka. Masatu alipiga meza. Nilisikia utamu mdomoni kama nimelamba sukari.

Tabitha alikunja karatasi yake mara nne, akaiweka kwenye sidiria, akatazama sakafu mpaka mwisho. Ndiyo sheria. Wakati wa kutoka hakuaga.

Jumamosi, 29 Juni

Butiama. Nimerudi jioni. Naandika yote kabla sijajidanganya.

Ukumbi ulijaa, watu kama sitini. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Niliitwa wa tatu. Nikaanza kusoma. Wakasikiliza vizuri. Nikafika kwa ng'ombe. Nikasema mwekundu, doa jeupe jichoni, akageuka mlangoni pa zizi, wakamwita Sitaki.

Kwenye benchi la watu wa Bunda mzee mmoja akapiga paja lake. "Sitaki!" akapaza sauti. "Ng'ombe wa Makuru huyo! Nilimswaga mimi kwa fimbo hii!" Watu wakacheka, na yeye anacheka, amefurahi kama amekutana na rafiki. Nikamtambua. Mzee Magori, mchuuzi wa mifugo. Alikuwepo siku ile.



Ng'ombe. Nimebadilisha mpaka ziwa, na ng'ombe nimemwacha. Kwetu mtu anaweza kusahau jina lako la ubatizo, akasahau baba yako amezikwa wapi. Ng'ombe wa mahari hasahauliki. Wanamjua rangi, wanajua alizaa mara ngapi, alikwenda kwa nani, alichinjwa msiba gani. Mtoto wa Mugeta kama mimi nisikumbuke hilo.

Zilibaki kurasa mbili. Za kutapika na za khanga. Ningeweza kusema nimechoka, koo linauma, samahani. Watu walikuwa wameinama mbele wote. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo maishani mwangu.

Nikasoma zote mbili.

Mzee Magori aliacha kucheka. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Ameweka fimbo kati ya magoti, anahesabu kwa vidole. Miezi. Alifika kidole cha saba, akasimama hapo.

Walipiga makofi muda mrefu. Mwalimu alinishika mikono yote miwili. Vijana walikuwa wamerekodi kwa simu.

Jumatatu, 1 Julai

Sabina.

Hakunisalimu. Akasema, "Nimekusikia kwenye simu ya wifi yangu. Ni sauti yako." Nikasema Sabina, nisikilize. Akasema, "Unasoma vizuri, dada. Sikujuaga kama unasoma vizuri hivyo." Akakata.

Nimepiga mara nyingi. Hapokei. Nimepigia Yohana. Hapokei.

Gauni lake lipo kwenye cherehani, bado mikono.

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda kwa Mwalimu Magesa nyumbani kwake. Nimemwomba aitoe hadithi kwenye kijitabu. Nilipiga magoti, mtu mzima mimi. Akaniinua. Akasema vijitabu vimeshatoka kwenye mashine, na hata visingetoka asingekubali. "Mama, hiyo ndiyo kazi pekee ya kweli tuliyopata tangu tuanze. Kazi ya kweli lazima imguse mtu." Nikamwambia haijamgusa mtu, imemgusa mdogo wangu. Akanitazama kwa huruma, huruma ile unayompa mtu asiyeelewa somo. Akanipa chai.

Masatu alikuwa pale, kaja kusoma magazeti. Akasema, "Ulileta uongo mtamu tukakucheka. Sasa umeleta kweli, unataka kuirudisha dukani?"

Njiani nimewatakia mabaya wote wawili. Kisha nikakumbuka nani alishika kalamu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeitwa Mugeta. Si Sabina aliyepiga. Ni Mzee Wambura, kaka yao mkubwa kina Makuru. Jumamosi saa nne. Amesema maneno mawili matatu tu, kwa adabu. "Shemeji, uje. Tunataka kusikia kwako, si kwenye simu za vijana."

Nimefunga leo na kesho, maji tu. Nimeamua. Nitasema nilitunga. Neno moja tu. Nitaungama baadaye, Padre atanipa kitubio, nitakifanya kwa magoti mpaka yatoke damu.

Jumamosi, 6 Julai

Kwenye basi mpaka Bunda nilikuwa nalirudia. Nilitunga. Nilitunga. Mama aliyekaa kando yangu alidhani nasali.

Walikuwa wamekaa barazani, viti vya plastiki, kaka watatu wa Makuru na wazee wengine wawili. Mzee Magori alikuwepo, anatazama viatu vyake. Makuru kakaa pembeni kama mgeni nyumbani kwake. Yohana amesimama kwenye mlango wa zizi, mkono juu ya mti wa mlango, ng'ombe zake nyuma yake. Alivyonyooka! Sabina chini kwenye mkeka, khanga kichwani. Nilisalimu wote. Sabina aliitikia kwa kichwa.

Mzee Wambura hakuzunguka. Akatoa Biblia. Ilikuwa mpya, naona wameiazima kwa katekista. "Shemeji, wewe ni mtu wa kanisa, ndiyo maana hatukuuliza mganga. Weka mkono hapa. Ile hadithi umeitunga, au imetokea?"

Niliweka mkono.

Sabina aliinua uso akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananisubiri. Alivyokuwaga ananisubiri mtoni nimtwike ndoo.

Neno lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni limekaa kabisa. Na mkono uko juu ya kitabu cha Mungu. Niliogopa. Si kumwogopea yeye. Niliiogopea roho yangu, moto wangu, hukumu yangu. Nikafunga mdomo. Kama Jumamosi zote.

Mzee Wambura alisubiri. Kuku walipita katikati yetu. Kisha akasema, "Basi. Amejibu."

Sabina alishusha macho, hakuyainua tena.

Wakaamua mbele yangu, haraka, kama watu wanaogawa nyama. Ng'ombe za ukoo hazitoki kwa Yohana. Mchumba aambiwe. Mwanamke arudi kwao. Mdogo wao mmoja, kijana wa juzi, akasema kwa Yohana, "Nenda ghalani ukaulize baba yako alipimia pamba wapi." Wengine walicheka. Yohana akatoa mkono kwenye mlango wa zizi polepole, akaondoka kupitia mashamba, hakushika njia.

Makuru alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuna aliyemtuma. Tulipofika akasema, "Nilijua."

Sikumwelewa.

"Nilijua tangu mtoto ana mwaka. Ninazo akili, shemeji. Ng'ombe nilitoa mimi, mtoto ni wangu, nikalifunga hilo. Miaka yote hiyo nimelala vizuri. Hata yeye hakujua kama najua." Akavunja kijiti alichokuwa ameshika. "Sasa kaka zangu wamejua, na watoto wa kaka zangu wamejua. Nikimbakiza nitakuwa mtu wa kuimbwa kwenye pombe. Wewe umeniharibia kitu ambacho hakikuwa kimeharibika."

Basi lilipokuja alilisimamisha kwa mkono, akanifungulia mlango. Adabu zote.

Arudi kwao. Kwao wapi? Baba na mama wako kaburini. Nyumba ilishaanguka. Kwao ni mimi.

Jumapili, 7 Julai

Misa ya kwanza. Sikwenda kupokea komunyo.

Padre alinisikiliza baada ya Misa. Alisema hukuapa uongo, mama, hilo ni jema. Nilimwuliza, na mdogo wangu? Kasema tumwombee. Nimerudi bila faraja yoyote. Ni kweli sikuapa uongo. Nimejitunza msafi kwa shingo ya mdogo wangu. Neno moja, na ningekuwa mwenye dhambi, na Yohana angeoa.

Ijumaa, 12 Julai

Amefika. Begi moja na kuku mmoja kafungwa miguu.

Alisimama nje ya mlango ulio wazi akasema hodi. Hapa kwangu hajawahi kusema hodi, anaingiaga anaita tangu barabarani. Nikasema karibu, Sabina, karibu ndani, mdogo wangu. Akasema, "Shikamoo." Alikaa kwenye kiti cha wateja.

Nilimpa chai akashukuru. Nilimpa kitanda changu akakataa, akatandika mkeka wake. Akaona gauni la zambarau limetundikwa. Alilishika kitambaa, akapima upindo kwa vidole, ni mtu anayejua nguo. "Limalizie," akasema. "Rangi nzuri. Utapata mteja."

Jumatano, 17 Julai

Anaamka kabla yangu. Anafagia, anachota maji, anaosha vyombo. Nikimwambia acha, anaacha, anakaa. Nikimwuliza anajibu. Ndiyo. Hapana. Asante. Majirani wa jumuiya wamekuja kumsalimia, amecheka nao vizuri kabisa, amewasimulia habari za mvua na pamba. Wakatoka, uso ukafungwa kama duka.

Neno dada halijatoka mdomoni mwake tangu afike. Nimehesabu siku, kisha nimeacha kuhesabu.

Jumamosi, 20 Julai

Sijaenda ukumbini. Masatu kaja mwenyewe hapa nyumbani na vijitabu vitano vyangu, jalada la bluu. Alikuwa mpole. Nadhani alikuja kuomba radhi, ila hajui inavyoombwa. Akamkuta Sabina amekaa mlangoni anatoa nyuzi kwenye sare. Hakumjua. Akamwambia, "Mama, mwenye nyumba wako ni mwandishi hatari. Soma ukurasa wa kwanza."

Sabina akapokea kwa mikono miwili.

Amesoma kuanzia saa nane mpaka kumi na moja. Kidole chini ya kila neno, midomo inatembea. Mimi nilikuwa nashona, sindano ilinichoma mara mbili. Alipofika mwisho alirudi nyuma, akatafuta mahali, akaweka kidole.

"Hapa umeandika Rehema analia wakati anafungwa khanga. Sikulia mimi. Wewe ndiye ulikuwa unalia. Mimi nilikuwa nakuangalia, nawaza kama utaweza kunyamaza."

Akakifunga, akakiweka juu ya meza yangu, kimenyooka na ukingo.

 

Alhamisi, 25 Julai

Habari kutoka Mugeta, kupitia kwa katekista wao aliyekuja mjini kwenye semina. Yule mchumba kaposwa na mtu wa Bunda. Yohana amehama pale nyumbani, analala kwa rafiki, anachunga ng'ombe za watu. Simu kaizima. Makuru yupo. Anakula anachopika mwenyewe.

Nilimwambia Sabina yote. Nilifikiri atalia. Akauliza katekista anarudi lini. Nikasema Jumatatu.

Nimempelekea Tabitha kitambaa cha kichwa, nimekishona mwenyewe, na maneno yangu ya radhi. Kitambaa alikipokea. Maneno aliyakatiza, akaita mteja mwingine.

Jumapili, 28 Julai

Tumetoka Misa ya pili. Jua kali, upepo wa ziwani kidogo. Tumekula ugali na sato. Ameosha vyombo, akajifuta mikono, akavuta kiti mpaka meza ya cherehani.

"Nataka kumwandikia Yohana. Katekista atampa mkononi. Mkono wangu hauandiki vizuri, wewe andika. Andika ninavyosema. Usiongeze."

Nilichana karatasi katikati ya daftari, mahali panapochanika vizuri.

Akasema, na mimi nikaandika. Mwanangu Yohana, salaam. Mimi mzima. Kula vizuri. Usigombane na baba yako, ni baba yako. Mguu ulioniuma safarini umepona. Kuku niliyekuja naye ameanza kutaga.

Akatazama nje, watu wanapita na nguo za kanisa.

Akasema, andika: Nakaa Nyakato.

Nikaandika.

Kwa, akasema. Nikaandika kwa, nikasubiri. Yohana ananiita mama mkubwa tangu ajue kusema.

"Kwa mtu mmoja mshonaji. Ananitunza vizuri."

Niliandika hivyohivyo. Nikamsomea yote kutoka juu. Akasema sawa. Akachukua kalamu akaandika jina lake chini, taratibu, herufi kubwa kubwa. Mimi nikaandika la Yohana juu ya bahasha.